Abu Zayd al-Balkhi, Mwanachuoni Aliyeijua Kadiri ya Nafsi Yake

Wamekuwa wengi watu wanaotujia baada ya sala na kutushitakia jambo ambalo wao wenyewe hawalijui jina lake. Mmoja halali usiku kwa kuwaza karo za watoto na deni la duka. Mwingine kila simu ikilia moyo wamruka. Wa tatu hana shida ya mali wala maradhi ya mwili, na juu ya hayo asubuhi haoni nguvu ya kuinuka kitandani. Na mara nyingi kabla ya kutufikia sisi wamekwisha kuambiwa moja katika maneno mawili: ama kwamba wana pepo na wapungwe, ama kwamba imani yao ni dhaifu. La kwanza huwala fedha zao. La pili huwatia aibu juu ya huzuni waliyo nayo, wakanyamaza, na maradhi yakazidi kwa kule kunyamaza. Kwa hivyo tumeona vema kuwaeleza ndugu zetu maisha ya mwanachuoni mmoja wa Kiislamu aliyefariki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ambaye aliziandikia khofu, ghadhabu, huzuni na wasiwasi kama tabibu anavyoandikia homa na kuhara, na maisha yake mwenyewe yalikuwa sherehe ya kitabu chake.

Jina lake ni Ahmad bin Sahl, na kuniya yake Abu Zayd. Alizaliwa mwaka 235 wa Hijra, yaani 850 wa Miladi, katika kijiji cha Shamistiyan karibu na Balkh. Mji huo uko kaskazini ya nchi iitwayo leo Afghanistan, na zamani hizo ulisitawi hata Waarabu wakauita Mama wa Miji. Babake alikuwa mtu wa Sijistani, na kazi yake ilikuwa kufundisha watoto; naye Abu Zayd alianza maisha kwa kazi iyo hiyo. Twalitaja hili kwa kusudi, kwani walimu wa vyuo ni wengi katika wasomaji wetu, na wao wajua ni subira kiasi gani inayotumika kwa siku moja mbele ya watoto wa watu.

Alipokuwa kijana alitoka kwao akenda Iraq kwa miguu pamoja na msafara wa mahujaji, akakaa huko miaka minane. Safari aliianza akiwa na fikira za Imamiya, akimtafuta imamu; miaka ile ikamtoa huko ikamtia katika bahari pana ya ilimu: lugha, falsafa, nyota, utabibu na ilimu za dini. Hutajwa kuwa miongoni mwa wanafunzi wa Yaqub bin Ishaq al-Kindi, yule mwanafalsafa wa Waarabu, ambaye aliacha risala juu ya hila za kuondoa huzuni. Mwenye kusoma maandishi ya Abu Zayd huona kwamba mbegu ile ilianguka penye udongo mwema.

Akarudi Balkh akiwa mtu mzima, na huko ndiko alikokaa maisha yake yote yaliyobaki. Yaqut al-Hamawi, aliyekusanya khabari za waandishi, amepokea sifa zake: mtu wa kimo cha kadiri, mwembamba, rangi yake ya maji ya kunde yenye umanjano, macho yake yametokeza, na uso wake una makovu ya ndui. Alikuwa mkimya sana, mwenye haiba na utulivu. Sisi tulipoisoma sifa hii tulipendezwa nayo. Watu hudhani kwamba mwenye kuijua nafsi ni mtu wa maneno mengi na tabasamu nyingi. Na huyu uso wake ulikuwa umeliwa na ndui na ulimi wake ulikuwa mzito kutoka.

Vitabu vyake vyahisabiwa kiasi cha sabiini, na vingi vimepotea. Aliandika juu ya mpango wa maneno ya Qur-ani, kitabu kilichosifiwa na wanazuoni hata wa madhehebu mengine. Kwa ufasaha wake wakamwita Jahiz wa Khurasani. Katika uzee wake alichora ramani za nchi za Kiislamu na kuzieleza kwa maneno machache, na njia hiyo wakaifuata al-Istakhri na Ibn Hawqal, hata wazungu walipokuja kuisoma jiografia ya Waislamu wakawapa watu hawa jina moja, madrasa ya Balkhi. Katika ramani za wafuasi wake hao imo bahari yetu hii, na nchi ya Zanji kando yake. Mtu wa Pwani haoni haya kujivunia kwamba alikuwamo katika karatasi zile, japokuwa pembeni.

Lakini mtu huyu hakuishi katika raha. Alikula kwa kalamu yake, na mwenye kula kwa kalamu hutegemea mikono ya wakubwa. Jemadari mmoja, al-Husayn bin Ali al-Marwarrudhi, alikuwa akimpa posho. Abu Zayd alipoandika kitabu cha kuchungua taawili, jemadari akaikata ile posho, kwani yeye alikuwa upande wa Waismailia na kitabu kilimchoma. Waziri al-Jayhani naye alikuwa akimpa zawadi. Abu Zayd akaandika kitabu juu ya sadaka za kuchinja, na zawadi zikakoma, kwa kuwa waziri yule alishukiwa dini ya Wenye Miungu Wawili. Juu ya hayo kulikuwa na watu waliomwita mulhidi kwa sababu alisoma falsafa, na wanafunzi wake wakamtetea, wakishuhudia kwamba alikuwa mtu wa sala na itikadi njema. Na sisi hatusemi kwamba kila alilolisema lafuatwa, kwani ana mambo ambayo wanazuoni wamekhitilafiana naye. Tunachosema ni kwamba mtu aliyekatiwa riziki mara mbili kwa ajili ya vitabu vyake, na jina lake likavutwa katika vinywa vya watu, hakuandika juu ya huzuni na khofu kwa kusikia kwa wengine.

Tufike sasa kwenye khabari inayoonyesha zaidi tabia yake. Khurasani ilitawaliwa kwa muda na amiri aitwaye Ahmad bin Sahl al-Marwazi. Msomaji ataona kwamba jina hilo ndilo jina la mwanachuoni wetu. Siku ya kwanza Abu Zayd alipoingizwa kwa amiri, amiri alimwuliza jina lake, naye akajibu kwa kuniya, Abu Zayd. Amiri akastaajabu, kwa kuwa ameulizwa jina akataja kuniya, akaliona ni kosa la adabu. Mgeni alipoondoka ikaonekana kwamba amesahau pete yake pale barazani. Amiri akazidi kustaajabu kwa kughafilika kule, akaiokota pete akaitazama nakshi yake, akakuta imeandikwa Ahmad bin Sahl. Hapo ndipo alipofahamu: mtu huyu ameona haya kulitamka mbele ya mtawala jina la mtawala mwenyewe, akakhiari adhaniwe mjinga kuliko kuivunja adabu hiyo. Ni jambo dogo, na kwa ajili hiyo lafaa kutazamwa. Wangapi katika sisi wawezao kutoka barazani wakijua kwamba wamedhaniwa vibaya, wasirudi mlangoni kujieleza?

Amiri akataka kumfanya waziri wake. Abu Zayd akakataa, akachagua salama. Basi uwazira ukapewa mtu mwingine wa Balkh, Abu l-Qasim al-Kaabi, imamu mkubwa wa Muutazila, na Abu Zayd akakubali kuwa katibu tu. Mshahara wa waziri ulikuwa dirhamu 1,000 kwa mwezi, na wa katibu 500. Abu l-Qasim, Mwenyezi Mungu amlipe kwa uungwana huo, alimwamrisha mweka hazina apunguze mia katika fungu lake amwongeze mwenziwe, ikawa waziri hupata 900 na katibu 600. Na tena alikuwa akichukua mwenyewe zile dirhamu zilizokatika-katika, na zilizo nzima nyeupe akizipeleka kwa Abu Zayd. Tumeikawilia khabari hii kwa kuwa urafiki kama huu baina ya watu wawili wa afisi moja, mmoja juu na mmoja chini, ni adimu, nao una sehemu yake katika uzima wa nafsi.

Utawala ule haukudumu. Amiri Ahmad bin Sahl aliwaasi Wasamani, akashindwa, akafa gerezani Bukhara mwaka 920. Abu l-Qasim, kwa kuwa alikuwa waziri, akashikwa akafungwa, mpaka Ali bin Isa, waziri wa Baghdad, akamtolea msaada akaachiliwa. Abu Zayd alikuwa amekwisha jinunulia shamba katika kijiji chao cha Shamistiyan, pale alipozaliwa, na maisha yake yakaendelea katika kalamu na wanafunzi. Miongoni mwao alikuwa Abu l-Hasan al-Amiri, aliyekuja kuwa mashuhuri katika falsafa.

Yuko msomaji atakayesema hiyo ilikuwa bahati. Sisi twaona siyo. Katika kitabu chake amelieleza jambo hili kwa uwazi: nafsi za watu hazikuumbwa kwa nguvu moja. Yuko mtu ambaye moyo wake wachukua mambo makubwa, vita na siasa na magomvi ya wakubwa, na usiku akalala. Na yuko ambaye robo ya hayo yamvunja. Basi yampasa kila mtu aipime nafsi yake, ajue yachukua nini na haichukui nini, kisha maisha yake ayajenge juu ya kipimo hicho. Na akijiona si wa mizigo mikubwa, aridhike na makao ya salama hata kama yana cheo kidogo na mali kidogo, kwani cheo kisichochukulika humla mwenyewe. Maneno haya ameyasema mtu aliyeukataa uwazira. Alikuwa amejipima kabla ya kuwapimia wengine.

Na hapa pana khabari nyingine ambayo watu huicheka. Amiri wa Khurasani alimwita Bukhara aje amtumikie. Abu Zayd akatoka, akafika kwenye mto Jayhun, ule uitwao leo Amu Darya, akaona mawimbi yake na upana wake na nguvu ya maji, akarudi nyuma. Akamwandikia amiri kwamba ikiwa ameitwa kwa ajili ya akili yake njema, basi akiuvuka mto ule itadhihiri kwamba hana akili, kwa hivyo ile akili yenyewe ndiyo imzuiayo. Akarejea Balkh. Atauliza mtu: vipi aliyeandika dawa ya khofu aogope maji? Lakini Abu Zayd hakusema kwamba kila khofu ni maradhi. Maradhi ni ile izidiyo kiasi cha jambo lenyewe, na ile imzuiayo mtu na yale yaliyomlazimu. Kwenda kuhudumu Bukhara hakukuwa lazima juu yake. Watu wa Pwani wanaoijua kusi wataelewa. Nahodha hodari hapimwi kwa kutia chombo baharini kila siku.

Kitabu tunachokitaja chaitwa Masalih al-Abdan wa l-Anfus, yaani maslaha ya miili na nafsi. Sehemu ya kwanza ina milango 14 juu ya mwili: hewa na makao, mavazi, chakula, kinywaji, usingizi, kuoga, mazoezi na mengineyo. Umo mlango juu ya kusikiliza ala na nyimbo. Hilo khitilafu yake yajulikana, nasi twalipita. Sehemu ya pili ina milango minane juu ya nafsi, nayo ndiyo iliyomtenga na matabibu wa zama zake. Aliwalaumu kwamba wamekazana na mwili wakaisahau nafsi, ilhali mtu ni vyote viwili. Mwili ukiumwa nafsi haionji ladha ya kitu, na nafsi ikiumwa mwili hauna raha na chakula wala na kitanda. Tena, asema, mtu aweza kukaa miaka mwili wake usipatwe na maradhi ya haja, lakini hapana apitishaye siku nzima isimpate nafsini mwake chembe ya ghadhabu au khofu au sikitiko. Kwa hivyo haja ya kuitunza nafsi ni ya kila siku. Watu wameiacha tu kwa kuwa hawakuona mtu akitibiwa hasira kwa kuumikwa wala huzuni kwa sharubati.

Njia yake ya kuitunza si ngumu kufahamika, ijapokuwa kuitenda ni kazi. Nafsi hushambuliwa kutoka nje, kwa yanayosikiwa na kuonwa. Na hushambuliwa kutoka ndani, kwa fikira. Yale ya nje mtu ajiepushe nayo kadiri awezavyo. (Hakuyajua yeye magazeti wala hizi simu ziletazo misiba ya dunia nzima kabla ya mtu kunawa uso, lakini hukumu yake yazienea.) Yale ya ndani hutibiwa kwa fikira iliyo kinyume chake. Na hapa ana shauri ambalo twaliona kuwa ndilo la thamani zaidi katika kitabu chote. Mtu mwenye akili huweka dawa nyumbani akiwa mzima, kwa kuwa usiku maradhi yakimshika hapati wakati wa kuzitafuta. Vivyo hivyo aweke fikira njema akiwa ametulia: ajifunze na kukariri kwamba dunia haikuumbwa ili kila mtu apate kila alipendalo, kwamba katika kila siku lazima yawemo ya kuchukiza, na kwamba mengi yanayotisha hupita. Akizikusanya wakati wa amani, siku ya dhiki atazikuta. Akingojea dhiki ndipo aanze kufikiri, akili itakuwa imekwisha kufunikwa na moshi.

Akaongeza kwamba mtu aizoeze nafsi yake kuchukua madogo. Mtumishi akichelewa, chakula kikizidi chumvi, jirani akipiga kelele, asiyape haya haki ya kumwudhi. Kama vile mwili unavyozoezwa joto na baridi kidogo kidogo hata ukastahimili, ndivyo nafsi inavyozoezwa udogo wa mambo hata ikasimama mbele ya makubwa. Na mtu asijitegemee peke yake. Mwenye dhiki fikira zake zimechanganyika na mapenzi na maumivu yake, kwa hivyo neno la rafiki au la mwenye kuwaidhi humwingia zaidi kuliko analojiambia mwenyewe. Hapo ndipo twasema tumewakosea wenzetu wengi: tumewapa hukumu walipokuwa wanataka sikio.

Juu ya khofu alifundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mengi yaogopwayo ni makubwa kwa mbali na madogo kwa karibu. Alipiga mfano wa bedui aliyeona ukungu kwa mbali akaudhania kitu kigumu chenye kuzuia njia, hata alipoingia ndani yake akakuta ni hewa tu kama ile aliyokuwa akiivuta. La pili ni kwamba nafsi isikimbizwe daima na kile iogopacho, bali isogezwe nacho mara kwa mara, macho yakione na masikio yakisikie, mpaka izoee. Jambo hili, pamoja na kuondoa hali kwa hali iliyo kinyume chake, ndilo alilolitungia kitabu Joseph Wolpe, tabibu wa Afrika Kusini, mwaka 1958, nalo likawa msingi wa tiba inayotumika mpaka leo kwa watu wenye khofu zisizo na kiasi. Baina ya watu hawa wawili pana zaidi ya miaka elfu.

Ghadhabu aliitolea mlango wake, akiwaelekea khasa wenye watu chini ya mikono yao. Dawa yake nyingi hufanywa kabla ya hasira kuja: kuwaza madhara yake, na kukumbuka khabari za wenye nguvu waliosamehe. Wenye kuwa na watumishi na wanafunzi wautazame mlango huo. Nasi hatuurefushi hapa.

Huzuni ndiyo tunayotaka kusimama nayo, maana ndiyo iliyotufanya tuiandike makala hii. Abu Zayd aliigawa huzuni sehemu mbili. Iko huzuni ijulikanayo sababu yake: mtu amefiwa, au amepotelewa na mali, au amekosa alichokitamani. Hiyo dawa yake ni fikira na maneno mema: kukumbuka kwamba kila kipendwacho dunia imetupa kwa kukiazima, kwamba waliopotelewa na zaidi wako wakaishi, na kwamba mwili ukiyeyuka kwa majonzi aliyepotelewa na mali atakuwa amejipotezea na nafsi pia. Na iko huzuni isiyojulikana sababu yake. Mtu hupatwa na dhiki imzuiayo na furaha na kazi na vyote alivyokuwa akivipenda, na akiulizwa una nini hajui la kujibu. Hiyo, alisema Abu Zayd, asili yake ni mwilini, katika damu kuharibika na kubadilika, na tiba yake ianze mwilini kwa dawa za tabibu, pamoja na mazungumzo mema na watu wenye kumfurahisha mgonjwa.

Ilimu ya leo haiizungumzi damu kwa namna ile. Lakini mgawanyo wenyewe, wa huzuni iletwayo na msiba na huzuni itokayo ndani ya mwili bila ya msiba, ulikuja kuzungumzwa na matabibu wa Ulaya katika zama za Emil Kraepelin, aliyefariki 1926, na baada yake. Natija yake kwetu ni kubwa. Mwalimu wa karne ya tatu ya Hijra, Mwislamu aliyesoma Qur-ani na kuiandikia kitabu, hakumwambia mgonjwa wa namna ya pili kwamba imani yake imepungua, wala hakumpeleka kwa mpunga pepo. Alimpeleka kwa tabibu.

Na mwenye kusema kwamba mwenye imani hahuzuniki, tumwulize habari ya Nabii Yaaqubu, ambaye macho yake yaligeuka meupe kwa kumlilia mwanawe, naye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Tumwulize Mtume wetu (S.A.W.) alivyomlilia mwanawe Ibrahim. Tena yeye mwenyewe (S.A.W.) alikuwa akijilinda kwa Mola wake na huzuni na mawazo yenye kukera, na katika dua ile ile akajilinda na deni kumlemea na watu kumshinda nguvu. Kama mambo haya yasingelimpata mwenye imani, hajapata mtu kuomba kinga na kisichomfikia. Sala na dhikri humtuliza mja, hilo hapana shaka nalo. Na mwenye kuvunjika mguu naye huswali, kisha akaenda kufungwa mguu.

Mlango wa mwisho ni wa wasiwasi, yaani fikira mbaya zinazomrudia mtu bila ya kutaka, akawa anahisi kila saa kwamba mauti au maradhi yamemfikia. Abu Zayd aliona kwamba maradhi haya hulishwa na mambo mawili, upweke na kukaa bure. Mtu aliye peke yake bila ya kazi, asema, fikira zake hurudi ndani zikamla. Kwa hivyo mwenye wasiwasi asiachwe peke yake. Akae na watu, ashughulike, azungumze. Na ajikumbushe kwamba Mwenyezi Mungu ameumba sababu za kuishi nyingi kuliko za kuangamia, na kila ugonjwa ameujaalia dawa. Wanaotawadha mara saba kwa sala moja, nao hawakosekani katika misikiti yetu, watafaidika na mlango huu zaidi kuliko kukemewa kisimani.

Abu Zayd alifariki Balkh mwaka 322 wa Hijra, sawa na 934, akiwa na umri wa miaka 87 au 88 kwa hisabu ya mwezi. Kitabu chake kikakaa katika maktaba ya Aya Sofya mjini Istanbul kwa nakala za mkono, kikijulikana na wachache. Mwaka 1984 Fuat Sezgin alikitoa Frankfurt kwa kupiga picha nakala ile kama ilivyo. Mwaka 2005 kikachapishwa Cairo baada ya kusahihishwa na Mahmud Misri. Na mwaka 2013 Malik Badri, msomi wa Sudan aliyeifanya ilimu ya nafsi kazi ya maisha yake mpaka alipofariki mwaka 2021, aliitafsiri sehemu ya nafsi kwa Kiingereza na kuieleza. Sehemu hiyo si ndefu. Mwenye Kiarabu cha kadiri aweza kuimaliza kwa juma moja, na darasa yetu, inshaallah, itaanza na mlango wa saba, ule wa huzuni. Walio na jamaa wanaokaa nyumbani hawatoki wasione haya kuja nao.